Ng'ombe Wetu Wanavuka Bahari

Usiniulize tulifikaje juu. Niulize tuliinuliwa na nani, maana hapo ndipo ninapopenda kuanzia, na mimi nikianzishwa nisipopenda huwa nasema ovyo. Tuliinuliwa na ng'ombe. Cheka, nakusubiri. Wamecheka wengi kabla yako, na wengine walikuwa wamevaa tai.

Katika miji mingine ya dunia ile watu walikuwa wamejaribu kuivuka bahari kwa hewa. Walijenga merikebu za hewa kwa turubai, kwa mpira, kwa hariri, kwa amri za wakubwa wao. Zote zilipaa na zote zilishuka pasipotakiwa. Kisha wakatujia sisi watu wa Mteremko, kwa sababu walisikia kwamba wanawake wetu wanajua kuchuna utando wa utumbo wa ng'ombe, ule mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, kuuosha na kuulaza mbichi juu ya mbichi mpaka ushikane wenyewe bila uzi wala gundi. Gesi inayobeba merikebu hupenya karibu kila kitu. Katika utando wetu haipenyi. Basi kila nyumba ya Mteremko ikatoa ng'ombe, zizi baada ya zizi, mpaka mabonde yakawa kimya, na sisi tukabandika mifuko mikubwa ambayo ukisimama chini yake unasahau ulikuwa unatafuta nini.

Mimi ni Minza binti Holo, mbandikaji. Kucha zangu ni fupi kwa sababu ukucha mmoja unaweza kuharibu kazi ya msimu mzima. Viganja vyangu ni laini kuliko vya mke wa waziri yeyote, kwa maji ya utumbo, na nikimshika mtu mkono huwa anashtuka. Nilichukuliwa niwe ndani ya chombo safari nzima, mimi na shangazi yangu Sayi, dada wa baba, ili utando ukichanika tuuzibe. Abiria walikaa chini, kwenye vyumba vyenye mazulia. Sisi tulikaa juu, tumboni, kwenye ngazi nyembamba zinazopita kati ya mbavu za chombo na mifuko ya gesi. Sikuona wivu hata kidogo. Mwenye nyumba hakai sebuleni kama mgeni.

Lakini nilikuwa na swali, na ndilo lililonipandisha kweli.

Nani anavuka?

Nauliza kwa dhati. Mtu akibebwa mgongoni kuvushwa mto, aliyevuka ni nani: aliyelowa, au aliyebaki mkavu? Bibi zetu walibebwa. Walilazwa chini kwenye matumbo ya merikebu za mbao, wakapelekwa ng'ambo, na jina lililobaki katika masimulizi ni la mwenye merikebu. Yeye ndiye aliyevuka. Wao walikuwa uzito. Tangu hapo neno ng'ambo likitajwa kwetu, watu huinamia kazi zao kidogo. Mama yangu peke yake hakuinama. Alikuwa akisema, "Mimi nitaiona hiyo ng'ambo yao nikiwa juu. Chini sitaki." Aliisema akikamua, akaisema pia akigombana na watu, hata pale ugomvi ulipohusu ukwaju.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa tulichokifanya, utadhani tulirogwa.

Kwetu mtu akitengeneza chombo chochote kutokana na mnyama, kiwe kiriba cha maji au ngoma, huacha pua. Ni tundu dogo, la ncha ya mwiba. Halizibwi mpaka chombo kimalize kazi yake ya kwanza: kiriba kirudi na maji, ngoma imalize harusi. Hapo mwenye nyumba analiziba kwa gundi, anasema "Lala," na siku hiyo ndipo mnyama amekufa. Kabla ya hapo yuko safarini tu. Watu humjulia hali, nawe unajibu. Na kwa sababu mtu wetu akifariki jina lake hupewa ng'ombe wa nyumbani kwake, basi naye haliliwi mpaka pua ya ng'ombe huyo ifungwe. Mama yangu Holo alifariki wakati mfuko wa nyuma ulipokuwa bado mezani. Nasema alifariki ili nawe wa mbali unifuate. Nyumbani hakuna aliyetamka hivyo. Jina lilikwenda kwa ng'ombe wetu mwenye paji jeupe, ng'ombe akaingia katika merikebu, na asubuhi majirani wakinipitia kazini waliuliza, "Holo hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo, leo tunambandika."

Kwa hiyo kila nyumba iliacha pua. Hatukumficha mtu. Mafundi wa chuma walipita wakatukuta tunaziacha, wakadhani ni pambo. Hakuna aliyeuliza.

*

Tulipaa mchana, na mchana ule haukuisha.

Sijui nikuelezeje. Jua lilikaa mahali pamoja kana kwamba limeambiwa lisubiri. Tulikula, tukalala, tukaamka, na kivuli cha merikebu kilikuwa palepale juu ya maji. Chini, abiria walianza kusahau walichopandia. Mmoja aliniambia ameshafika na anarudi. Mwingine alisema yeye ndiye baba yake mwenyewe. Juu tumboni mimi niliwasikia ng'ombe. Pua zilipuliza taratibu, kila moja kwa sauti yake, na nilipita kwenye ngazi nikiwasalimu kwa majina. Nilijisikia mkubwa. Nikwambie ukweli, sijawahi kujisikia mkubwa namna ile, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kisha zikatupita merikebu za zamani.

Zilitoka ndani ya wingu moja moja, bila mlio. Ya kwanza ilikuwa ile ya turubai iliyokwenda nusu ya bahari ikapotea. Ya pili ilikuwa imebeba dawa na risasi kuwapelekea askari waliozingirwa. Sauti isiyojulikana iliiambia irudi, ikarudi, na bado ilikuwa inarudi. Ya tatu ilikuwa ile iliyofika kabisa, ikafungwa kamba mbele ya watu waliokuja na maua, ikawaka moto. Iliwaka polepole mbele yetu. Watu wake walikuwa dirishani na mikono yao yote ilikuwa juu.

"Wanatupungia," nikasema, nikainua mkono nami.

Shangazi Sayi alinitazama kwa lile jicho lake la kunionea huruma. "Wanakupungia wewe una nini? Tazama viganja. Vimelala juu. Wale wanasukuma."

"Wanasukuma nini?"

"Chombo chao, Minza. Mpaka leo hawajakubali kwamba kimeanguka."

Nikatazama vizuri, nikaona ni kweli. Nikasimama wima mpaka walipopita, kwa heshima.

*

Tulianza kushuka baada ya chakula, kama kile kilikuwa chakula cha mchana. Bahari ilikaribia. Kivuli chetu kikawa kikubwa.

Nahodha wetu aliitwa Lugendo, mtu wa mjini, mpole, mwenye mazoea ya kujiumauma mdomo akifikiri. Aliamuru mifuko ya mchanga imwagwe. Tukapanda kidogo, tukashuka tena. Yakamwagwa maji ya kuogea, yakafuata mazulia, vikafuata viti, na bado bahari ilikuwa inakuja. Ndipo macho ya wote yakageukia sanduku la Balozi Mtingwa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sanamu la shaba la Mkuu wa nchi, zawadi kwa watu wa ng'ambo. Lilihitaji wanaume wengi kulipandisha. Balozi alilikumbatia.

"Hili haliendi," alisema. "Safari yenyewe ni ya hili. Sisi wengine wote ni wasindikizaji."

"Mheshimiwa, likibaki tunalisindikiza chini ya maji," alisema Nahodha.

"Nitamwambia nini Mkuu?"

"Utamwambia alitangulia."

Likasukumwa. Balozi alilia kwa sauti, na sikumcheka, kwa sababu alikuwa analia kweli. Merikebu iliruka juu kwa furaha hata vikombe vilivyobaki vikavunjika. Watu wakashangilia, wakakumbatiana. Nami niliinama dirishani nikaangalia mahali liliposhukia, nikaona maji yamekwisha kujifunga. Muda si muda tukaanza kushuka tena, kwa mwendo uleule. Hapo waliokumbatiana wakaachiana. Walikuwa wamedhani kwamba uzito ule ndio uliotuzuia.

Nahodha Lugendo akapanda tumboni peke yake. Alisimama kwenye ngazi, akafumba macho, akasikiliza. Halafu akatembea kwa kupapasa mpaka akafika kwenye mfuko wa nyuma, akaweka shavu, akalitoa haraka.

"Nani katoboa meli yangu?"

"Haikutobolewa, Nahodha," nikamjibu. "Hizo ni pua. Kila nyumba iliacha ya kwake."

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza yote bila kunikatiza, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Kiriba husafiri kisimani na kurudi. Tundu la mwiba halimwagi maji ya kutisha. Bahari si kisima. Sisi tulikuwa tumeipima bahari kwa kiriba, ndilo kosa letu, na lilikuwa kosa la watu wanaopenda kupita kiasi.

"Ziko ngapi?"

"Ni nyingi kuliko sisi tuliomo humu."

Alijiuma mdomo. "Minza, gundi ipo. Zibeni."

"Mtu hafungwi pua juu ya maji," alisema Shangazi Sayi. Alikuwa ameketi kwenye ubavu wa chombo, miguu ikining'inia, na wala hakugeuka. "Ukimfunga hapa amekufia hapa. Tutamlilia wapi? Tutaweka jiwe juu ya wimbi gani?"

"Bibi, tukianguka tutakufa wote, na ng'ombe wako pamoja nasi."

"Basi tutakufa tukiwa tunavuka. Walioko chini ya maji haya unawajua? Wametupwa humu bila kulazwa na mtu. Mimi siongezi."

"Na abiria? Kuna watoto kule chini."

Shangazi aliziba uso kwa khanga, na ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona akiuficha.

*

Kopo la gundi lilikuwa mkononi mwangu. Nianze na pua za wengine au na ya kwangu? Ukianza na za wengine ni woga. Nikaenda kwa mama.

Holo alikuwa karibu na bega la mfuko wa nyuma, usawa wa kichwa changu. Nilimbandika mwenyewe, nilimjua hata bila kuangalia. Alikuwa anapuliza. Ningeweza kusema ni gesi, na fundi yeyote angesema ni gesi, na mimi ndiye niliyeutengeneza mfuko ule na najua ndani yake mna nini. Lakini pumzi ilinigusa shavuni na nikaanza kulia.

Nani anavuka, mama? Nikikufunga hapa, mimi ndiye nimevuka, na wewe ni uzito tuliouacha njiani. Nikifika watanipa maua. Nitasema mama yangu alitamani kufika, na watu watatikisa vichwa. Nisipokufunga, hakuna atakayefika, na bahari itasema ilijua tu. Ulitaka kuwa juu. Ndiyo, uko juu. Hata sasa uko juu kuliko Balozi. Inatosha? Haitoshi. Wewe hukuwahi kuridhika na nusu ya kitu.

Nilichovya kidole kwenye gundi. Nikakiinua. Na mkono wangu wa pili, ule usio na gundi, ukatangulia wenyewe ukamfunika pua, kama unavyomziba mtu mdomo asiseme jambo mbele ya wageni.

Pumzi ikasimama kwenye kiganja changu. Haikufa. Nilisikia inasukuma, inaacha, inasukuma. Kiganja laini cha mbandikaji kilishikana na utando vizuri kuliko nilivyotarajia, bila uzi wala gundi.

"Nahodha," nikaita. "Kiganja kinazuia."

Akaja, akatazama. Shangazi akatoa uso kwenye khanga, akatazama naye.

"Kwa muda gani?" akauliza Nahodha.

"Mpaka nchi kavu."

"Mkono wako utakufa ganzi."

"Una mkono mwingine wa kuniazima?"

Nahodha akavua koti lake la vifungo vya dhahabu, akalitupa baharini kupitia tundu la ngazi, akainua mikono yake miwili akafunika pua mbili. Alishtuka. Nilimwona usoni. "Wanapumua," alisema kwa sauti ya chini.

"Tulikwambia," alisema Shangazi Sayi.

Akawaita watu wote juu.

Walipanda kwa kunung'unika, na viatu vyao vya ngozi vikateleza kwenye ngazi zetu. Mpishi, mabibi wa vyumba vya mbele, wale waliosahau wao ni nani, watoto waliowekwa mabegani. Shangazi aliwapanga kama anavyopanga wapagazi wa harusi, akiwatajia kila mmoja aliyempata: "Wewe unamshika Kundi wa nyumba ya Luhende. Mpole huyo, usimkandamize. Wewe, Nyeusi wa akina Maduhu, alikuwa mkorofi, shika sana." Mikono ikaisha kabla ya pua. Wakaongeza vipaji vya nyuso, mashavu, migongo. Balozi Mtingwa alipanda wa mwisho, macho mekundu, akapewa pua tatu: viganja viwili na shavu.

"Huyu wa shavuni ni nani?" aliuliza.

"Hana jina kubwa," alisema Shangazi. "Alikuwa wa mjane mmoja, ndiye pekee aliyekuwa naye."

Balozi akafumba macho akalaza shavu vizuri zaidi. Hakuuliza tena habari za sanamu, wala hakuna aliyemkumbusha.

Merikebu ilitetemeka. Bahari ilikuwa karibu kiasi cha kutusikia. Kisha taratibu, bila mtu kuigusa sukani, tukaacha kushuka. Tukatulia juu ya maji kwa kimo kidogo, tukasonga mbele. Upepo wa nyuma ulitusukuma, na ndani ya tumbo lile watu wa kila namna walisimama na mikono juu, viganja vikilala mbinguni, wakikibeba chombo kilichokuwa kinawabeba. Niliangalia safu zile nikaona ni walewale waliotupita dirishani. Au sisi ndio tuliokuwa wao, na zamu hii tulikuwa tumewahi.

Mabega yaliwaka. Watu walilia, wakaimba, wakatukanana kidogo, wakaombana msamaha. Yule aliyesema yeye ni baba yake alikumbuka jina lake, akalitaja kwa sauti, na sote tukamwitikia. Hakuna aliyeshusha mkono. Wewe uliyecheka mwanzoni, nakuambia tena ili usikie vizuri: hakuna hata mmoja.

*

Nchi ilitokea mbele yetu kabla sijaiamini. Palikuwa na mlingoti mrefu, uwanja, ngoma ngeni na watu wengi wenye maua. Kamba zetu zilidondoka zenyewe, wakazidaka, wakatuvuta mpaka tukatulia. Hatukuwaka moto. Jua, nalo, likakumbuka kazi yake likaanza kushuka.

Walitusubiri tutoke. Hatukutoka. Wakasubiri tena, ngoma zikanyamaza, na hatimaye mkuu wa mji ule akapanda mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, shingoni ana mkufu wa madaraka, mikononi glavu nyeupe. Wapambe wake walibaki chini ya ngazi. Alipochungulia tumboni akatukuta tumesimama vile, sote, mikono juu.

Alinyoosha mkono kumsalimu Nahodha, kama alivyofundishwa.

"Samahani sana, mama," alisema Nahodha Lugendo, paji la uso likiwa limeegemea ng'ombe wa mtu. "Nisingependa uone ni dharau. Mikono haina nafasi."

Alibaki na mkono wake hewani. Akatazama kulia, kushoto. Nilimsoma: alikuwa anatafuta ni nani kati yetu aliyevuka, ili ampe maua. Uso wake ulinisumbua. Mashavu yale, na namna ya kusimama na uzito wote kwenye mguu mmoja, nilikuwa nimeviona Mteremko tangu utotoni, kwenye milango ya nyumba zetu. Bibi zetu walibebwa wakaletwa huku. Sikumwambia. Alikuwa ameshaanza kunitazama naye.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Vua glavu."

Akavua. Akapanda ngazi mpaka nilipo. Nikamshika mkono wake, akashtuka kwa ulaini wa wangu, nikautia chini ya kiganja changu, kisha nikauondoa wangu polepole. Ulikuwa umekufa ganzi na haukutaka kushuka. Alisimama kiganja juu, macho yamemtoka.

"Anapumua," alisema.

"Ndiyo."

"Ni nani huyu?"

"Ni mama yangu. Anaitwa Holo."

Nilisubiri acheke. Kila mtu mle ndani alikuwa anasubiri, hata Shangazi. Mwanamke yule akamsikiliza mama kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, na hakuna aliyekuwa amemfundisha la kusema.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo kabisa," nikamjibu, na sauti yangu ilisikika mpaka uwanjani. "Amevuka bahari. Mshike hivyo hivyo, mwana wa kwetu, nikamletee gundi."